Mjomba, Shika Hapo Usitikisike

Jamani, hivi hapa kwetu Mtua kumiliki gari ni dhambi? Nauliza tu. Mimi nina Carina Ti, ile AT212, injini 5A, cc 1,498. Siyo gari la kutisha mtu. Inabeba korosho. Inabeba wagonjwa. Inabeba mashemeji mpaka Nachingwea, na mashemeji wenyewe hawachangii hata nusu lita, kazi yao kufungua lile dirisha nililosema lisifunguliwe kwa sababu likishuka halipandi. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba lile ni gari la mashindano. Mpaka manifodi ilipopasuka.

Manifodi, kwa ndugu zangu wa baiskeli, ni lile dude ubavuni mwa injini linalopokea moshi wa silinda zote nne na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. La kiwandani ni chuma cha kumimina. Kinene, kizito, ila moyo mdogo. Kinapata moto mkali, halafu wewe unaingia nacho kwenye dimbwi la masika, puu, kinachanika. Changu kikachanika. Ikawa ta-ta-ta-ta kutoka nyumbani mpaka sokoni. Moshi unafika viti vya nyuma. Mashemeji wanashuka macho mekundu, wanasema nimewafukiza makusudi. Nikasema basi changeni tutengeneze. Kimya. Kila mtu ghafla akakumbuka ana mgonjwa.

Nikaenda kwa fundi wetu wa kuchomelea. Shida yangu ndogo tu: azibe ufa, nilipe kidogo, nyingine korosho zikiuzwa. Fundi akainama, akaangalia, akatema mate pembeni. "Mzee, kuchomelea chuma cha kumimina ni kudanganyana. Ukikipiga fimbo za kawaida kinashika leo, kesho kinapasuka palepale pembeni. Kinataka fimbo za nikeli, kinataka kipashwe kwanza, halafu kifukiwe kwenye majivu kipoe polepole." Nikamwambia majivu yapo, mama watoto anapikia kuni. Akanitazama. Yule kijana wake wa kushika spana, ndevu hana hata moja, akaangua kicheko.

Hapo ndipo mpwa wangu alipodandia. Sisi Wamwera mnatujua, mtoto wa dada ana haki kwa mjomba kuliko mjomba mwenyewe. Huyu wangu alikaa Dar, akazungukazunguka Gerezani kwenye magereji, akarudi na suruali iliyotoboka magotini na elimu ya magari ambayo hakuna aliyemwomba. "Mjomba, manifodi ya nini zama hizi? Tuichongee hedasi!" Nikauliza hedasi ndiyo nini. Wakacheka wote, mpaka yule mzee aliyekuja kuziba pancha ya baiskeli. Hata yeye anajua! Mimi mwenye gari ndiyo sijui.

Basi mpwa akatoa simu, akaanza kunifundisha. Safari Rally, yale mashindano ya magari. Ilianza 1953, ati kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu hii. Halafu 1993 kuna Mkenya, Patrick Njiru, aliingia na Subaru Vivio, kigari cha cc 658, akafika mwisho. Wa 12. Colin McRae mwenyewe, dereva nguli wa mbio za magari, alikuwa na Vivio kama ile, ikamfia njiani. "Sasa mjomba, wewe una cc 1,498. Zaidi ya mara mbili!" Hesabu hiyo ikampendeza kila mtu pale isipokuwa mimi. Huyu mpwa anakumbuka namba za magari ya Kenya ya miaka yote, ila panga langu aliloliazima halikumbuki.

Fundi akachora chini kwa kijiti. Ati kila silinda inatema moshi kwa mkupuo, siyo mfululizo. Mkupuo ukikimbia kwenye bomba unaacha nyuma yake mvuto, na mvuto ule unasaidia kuutoa moshi unaofuata. Kwenye manifodi ya kiwandani vijibomba ni vifupi, moshi unakutana haraka, silinda moja inampulizia mwenziwe usoni. Ukichonga mabomba manne ya urefu sawa, ndiyo hedasi yenyewe, kila mkupuo unapita kwa zamu yake. Na hii injini inafyatua 1, 3, 4, 2, kwa hiyo bomba la kwanza linaungana na la nne, la pili na la tatu, halafu mawili yale yanakuwa moja. Nikawa natikisa kichwa kisomi. Nilichokamata ni neno "manne", maana nilijua nitalipia yote manne.

Akaniuliza, "Mzee, gari yako huwa unaikimbiza mizunguko mingapi kwa dakika?" Ati mabomba marefu yanaipa nguvu injini ikiwa inazunguka taratibu, mafupi yanafaa kwa wale wa kukanyaga mpaka mwisho. Nikamwambia dashibodi yangu saa ya mizunguko haina. Ya mafuta ipo lakini imekufa, napima kwa kijiti. Akasema basi marefu. Mpwa akanuna kabisa, alitaka mafupi. Kanuna kwenye gari langu!

Mimi nikadhani fundi ataenda dukani kununua hiyo hedasi, kumbe inachongwa kuanzia sifuri. Kwanza flanji, ule ubao wa chuma unaofungwa kwenye injini. Akachukua pleti ya milimita 10, akalaza gasketi juu yake, akachora matundu kwa chaki, akatoboa na kukata kwa grinda. Cheche zinaruka mpaka kwa muuza vitumbua. Muuza vitumbua ananigombeza mimi. Halafu akapinda waya wa uzio kutoka kila tundu, kuona bomba litapita wapi lisigonge feni, lisichome nyaya, na spana iweze kuingia kukaza nati. Akanyoosha zile waya, akapima, ile ndefu kuliko zote ndiyo ikawa kipimo cha wenzake.

Nyundo anapigia juu ya kipande cha reli. Anasema ni ya ile reli ya karanga. Wazee wanaijua habari hii. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Wakajenga reli kutoka bandari ya Mtwara mpaka Nachingwea isafirishe hizo karanga. Karanga hazikuja. Matrekta hayakutosha, wakachukua vifaru vya vita, vile vya Sherman, wakavigeuza matrekta, wakayaita Shervick. Mpaka 1951 mpango umekufa, zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda, na reli ikafungwa 1962, ikang'olewa. Fundi ananisimulia hayo huku anagonga, anafurahi. Mimi jasho linanitoka. Wale waligeuza vifaru kuwa matrekta na bado wakashindwa, na wahandisi walikuwa nao. Mimi nina mpwa.

Sasa njoo kwenye mabomba. Mpwa akaleta bomba la maji, lile jeupe la mabati, rahisi. Fundi akakata kipande, akakijaribu kwa moto kidogo kutuonyesha kwa nini hataki. Ukatoka moshi mweupe mzito. Wote wakarudi nyuma. Hakuna aliyeniambia nirudi! Nikabaki nimeinama pale nachungulia, si pesa zangu? Jioni nikapigwa homa, baridi mpaka meno yanagongana. Nikaenda zahanati, kipimo cha malaria hakina kitu. Nesi ananiangalia kama nimekuja kuiba dawa. Kumbe ni zinki, ile rangi nyeupe ya bomba ikiungua inatoa moshi wa sumu. Mama watoto akaninywesha maziwa kwa sababu mpwa alisema mafundi wote wa Gerezani wanakunywa maziwa. Maziwa hayakufanya lolote, homa ikaondoka yenyewe kesho yake. Maziwa tulikopa.

Tukanunua bomba jeusi, lisilo na zinki. Na hapa ndipo heshima yangu ilipoishia. Bomba ukilikunja hivihivi linabonyea kwenye kona, moshi unakwama. Kwa hiyo linajazwa mchanga, linagongwa mpaka mchanga ushindiliwe, linazibwa kwa mti huku na huku, linapashwa kwenye mkaa mpaka liwe jekundu, ndiyo linakunjwa. Ila mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu unageuka mvuke, kizibo kinafyatuka, na kizibo hakichagui paji la uso. Sasa nani wa kukausha mchanga? Kijana wa spana ana kazi. Mpwa anapiga picha. "Mjomba, wewe huna kazi."

Nikaenda kuchukua kile kikaango cha mama watoto cha korosho. Nikakaa kando ya barabara, nakaanga mchanga. Nageuza na mwiko. Watu wanapita. "Mzee, hali imefika huko?" Mtani wangu mmoja akasimamisha pikipiki makusudi, akaniambia nisisahau chumvi. Kuna mtoto alichuchumaa pembeni yangu kimya, muda mrefu tu, nikamuuliza unataka nini, kumbe anasubiri kugawiwa. Mpaka leo korosho za nyumbani ukitafuna zinalia kra kra, na mama watoto hajasema neno, ananitazama tu.

Halafu kuchomelea. Fundi hachomelei gari likiwa gari. Anafunga flanji kwenye silinda hedi ya Carina nyingine iliyokufa zamani, ikazwe nati zote, maana chuma kikipata moto kinajikunja na ukija kufunga kwenye injini moshi unavuja palepale ulipotoka. Anapiga taki kwanza, nukta nukta, bomba lisiondoke. Na mwenye kulishikilia bomba ni nani? "Mjomba, shika hapo usitikisike." Nikashika kwa gunia lililoloweshwa. "Juu kidogo." Nikapandisha. "Umepitiliza." Nikashusha. "Mjomba, unatetemeka." Mtu ametoka homa ya zinki juzi, asitetemeke? Miwani ya kuchomelea iko moja, kavaa fundi. Mimi naambiwa nigeuze uso ukutani. Kwa hiyo mimi ile hedasi yangu sikuiona ikitengenezwa. Nimeona ukuta. Naujua ule ukuta kila tofali. Umeme ukikatika, yule kijana wa spana anakwenda kupumzika kivulini, mimi naambiwa niendelee kushika hivyohivyo, taki moja haitoshi.

Mwisho wakagonga mabaki ya fimbo yote yaliyoganda ndani ya mabomba, wakasawazisha uso wa flanji kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, wakafunga. Na niseme ukweli, ni kitu kizuri. Mabomba manne yanashuka kwa kona zake, yanaungana mawili mawili, huoni hata moja lililomgusa mwenziwe. Fundi wa Mtua, kwa nyundo, mkaa na kipande cha reli! Kule Nairobi, Kirinyaga Road, wangemlipa vizuri. Mimi nimemwambia atangoja mnada wa korosho.

Wakawasha. Aisee. Mbuzi walikata kamba. Kule kwenye msikiti mtu akachungulia. Na unadhani mpwa aliridhika? Amenuna tena! Anasema mbona haingurumi bu-bu-bu kama Subaru za Nairobi. Fundi akamweleza taratibu: Subaru za zamani zilinguruma vile kwa sababu mabomba yake ya ekzosi hayakuwa na urefu sawa, mikupuo inafika ovyo ovyo, ndiyo huo mngurumo mnaousifia. Yaani nimekaanga mchanga, nimeshika bomba, waya zimepimwa, yote ili mabomba yawe sawa, halafu utamu uko kwenye yasiyo sawa! Nikauliza kwa nini hamkusema mapema. Fundi akasema hukuuliza. Ningeuliza nini mimi?

Sailensa mpya fundi anasema ni bei nyingine, kwa hiyo tukafunga ile ya zamani, na ile ya zamani ndani imebaki jina. Gari kweli linavuta. Kile kilima cha kwenda Ruangwa nilichokuwa napanda gia ya kwanza na dua, sasa napanda gia ya pili. Lakini hapa Mtua sisi tunakopa kwa kalenda ya korosho. Unapeleka mzigo kwenye chama cha ushirika, AMCOS, unaingia ghalani, unapewa stakabadhi, unasubiri mnada, unasubiri benki. Katikati hapo unaishi kwa kupita njia za nyuma. Mimi nilikuwa napita dukani jioni, taa zimezimwa, gia huru, nateleza taratibu mtelemkoni. Sasa nateleza vipi? Mwenye duka ananisikia nikiwa bado kwenye mikorosho ya mbali. Nikifika ameshatoka na daftari, kafungua ukurasa wangu, na kalamu kaiweka sikioni. Muuza mkaa yuko pale. Mwenye maziwa yuko pale. Wamejipanga kwa zamu, 1, 3, 4, 2.

Nikahamia kwenye baiskeli. Haina manifodi. Gari nikamwachia mpwa akaangalie mechi ya timu ya Namungo, Ruangwa, na mimi nikashika njia ya shambani kimya kimya, moyo mweupe. Huyo mpwa kapita dukani anavumisha, wamemsimamisha, wakamuuliza mjomba wako yuko wapi. Si angesema amesafiri? "Mjomba kaenda shamba, atarudi jioni, nendeni tu mkamsubiri nyumbani, mama yupo." Narudi jioni nawakuta wote kwenye mkeka wangu, miguu wameikunja vizuri, mama watoto anawamiminia chai. Mwenye duka akaonja, akasema mbona haijakolea. Mama watoto akamwongezea sukari. Ile sukari iko kwenye daftari lake.