Bauza Langoni

Gari la maji, yaani bauza, lilizama langoni petu Jumapili asubuhi, kabro zikiwa hazijapitiwa na tairi hata moja. Gurudumu la nyuma lilianza kuingia taratibu, kabro zikafumuka pande zote mbili, dereva akazima injini na kushuka. Mgongoni gari lilikuwa na lita 10,000, yaani tani 10 za maji matupu kabla hujaongeza uzito wa gari lenyewe. Huku kwetu Oltepesi maji hununuliwa, kwa hiyo kila anayetengeneza njia ya gari huitengenezea bauza kwanza. Fundi wetu alikuwa ameelezwa hivyo siku ya kwanza kabisa.

Njia ile haikuwa ya urembo. Mama mkwe wangu alihamia kwetu akiwa na maumivu ya magoti, na uwanja wetu ni udongo laini kama unga, unaopaa hadi kwenye sufuria wakati wa kiangazi na kuteleza vibaya wakati wa masika. Ukiteremka Barabara ya Magadi kutoka Kona Baridi, ukipita kwetu, utafika Olorgesailie, ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe katika miaka ya 1940. Mashoka yale yalionekana kwa sababu mvua na upepo vilikuwa vimekwisha kula udongo uliokuwa umeyafunika. Huku maji hayana subira. Ikinyesha huko juu, milima ya Ngong, makorongo yetu hujaa hata kama kwetu jua linawaka. Na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, sijasikia jirani akiuliza kwa nini njia ya kuingilia nyumbani inahitaji msingi.

Tulipatana hivi: udongo laini uondolewe, hadikoo ya mawe ishindiliwe, maramu ifuate, halafu vumbi la kokoto, ndipo kabro zipangwe. Kabro ziwe za milimita 80, maana zile za milimita 60 ni za watembea kwa miguu na magari madogo. Mbele ya mlango zimwagwe ngazi nne za zege, ili mama apande bila kushikwa mkono. Pesa ya mwisho ingetolewa kazi ikishakaguliwa.

Jumamosi jioni fundi alikuja kuidai. Kwa macho, kazi ilipendeza, mistari imenyooka, kingo zimepakwa rangi nyeusi na nyeupe. Mume wangu alipiga simu kutoka Kitengela: "Walipe, Mama Watoto. Hao watu wana familia." Nilikuwa nimeshafungua simu nitume pesa, mama mkwe akaita kutoka chini ya mgunga alipozoea kupunga upepo.

"Fundi, mwanangu, rudi kesho gari la maji likishaingia."

"Koko, hapa hata lori la mchanga litapita."

"Basi kesho utapokea pesa yako ukiwa umeketi, na chai juu."

Ndiyo maana Jumapili hiyo pesa bado ilikuwa kwetu, na bauza langoni mwetu. Mpira wa dereva haukufika kwenye tangi. Gari halingenyanyuka bila kupunguziwa uzito, na hakuna mtu huku anayemwaga maji ovyo, kwa hiyo watoto walitumwa kwa majirani. Kina mama walikuja na punda, mitungi ya lita 20 ikapangwa foleni hadi barabarani. Hata hivyo mengi yalimwagika. Hapo ndipo tulipoona lile ambalo rangi ya kingo ilikuwa imelificha. Maji yalipaswa kuelekea upande wa korongo, kila mita ya njia ikishuka angalau sentimita 2. Yakageuka, yakaja moja kwa moja hadi ngazini, yakajaa, yakaingia sebuleni chini ya mlango. Tukawa tunatoa mazulia nje huku punda wamesimama kwenye maua.

Mama mkwe alitoka haraka kuokoa begi lake la dawa lililokuwa varandani. Alishuka ngazi mbili vizuri. Ya tatu mguu wake ukaikosa, na lau singekuwa chini yake na beseni, angeanguka kifudifudi. Moyo wangu ulichelewa sana kutulia. Nilichukua futi nikapima: sentimita 15, 15, 19, 13. Mtu akishuka ngazi hatazami kila hatua. Mguu hujifunza kimo cha ile ya kwanza na kutarajia zilizobaki zifanane nayo. Sentimita 4 zinatosha kumvunja mzee nyonga. Niligonga niru kwa sarafu, ikalia mvungu. Nilipokwaruza ukingo kwa kucha, ukamumunyuka. Zege lile lilikauka kwa jua kabla halijakomaa. Lilihitaji kunyweshwa maji kwa muda wa juma zima, nalo liliachwa wazi kwa kuogopa gharama ya mtungi.

Fundi alifika wakati huo huo, amevaa shati la kanisani. Alitazama gurudumu, akatazama mlango. Hakuna aliyempigia kelele. Mama mkwe alikuwa ameketi tena, mkongojo magotini.

"Mwanangu, sikusemi. Fukua tuone."

Akafukua mwenyewe, na shati lile lile. Chini ya kabro palikuwa na mchanga, kina cha kiganja, kisha udongo wetu ule ule laini. Hadikoo hatukuiona. Alisema aliyeagizwa mawe aliongeza bei njiani, naye akaona aibu kurudi kwetu kuomba nyongeza. Namwamini. Lakini aibu yake nusura ilipwe kwa nyonga ya mama, na nilimwambia hivyo waziwazi, na mume wangu alipofika jioni akamwambia kwa sauti ya juu zaidi.

Kazi ilianza upya. Mawe yalitoka upande wa Kiserian, tukayahesabu lori kwa lori. Mashine ya kushindilia ilikodiwa, ikatikisa vyombo kabatini hadi jioni. Safari hii uzi ulivutwa kuanzia kizingiti cha mlango kwenda langoni, na pembeni ukachimbwa mfereji hadi korongoni. Ngazi zote nne zilibomolewa, kwa kuwa ukirekebisha moja unaharibu jirani yake. Zilipomwagwa upya zilifunikwa magunia mabichi, nasi tukayamwagilia asubuhi na jioni, hata siku ambazo nguo zilisubiri. Mama alizuiwa kuzikanyaga hadi zege lilipokomaa. Akawa anapitia mlango wa jikoni, akilalamika.

Kukagua alikagua yeye. Aliomba gololi ya mjukuu, akaiweka mbele ya mlango, ikabingirika kuelekea mferejini. Akaagiza ndoo, fundi akaimwaga mwenyewe. Kisha bauza likaingia likiwa limejaa, likageuza, likatoka, na dereva akapiga honi. Mama akapanda ngazi, akashuka, akapanda tena bila kugusa ukuta.

Fundi alipewa pesa yake ameketi, na chai. Alipokuwa akiihesabu, mama mkwe alimsogezea sukari.

"Kanisani kwetu tunataka njia ya viti vya magurudumu. Utatuambia bei Jumapili," alisema. "Ila mawe nitayapokea mimi."

"Sawa, Koko," fundi akajibu, akatoa daftari mfukoni. "Mlango wa kanisa una upana gani?"