Mgeni Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Mafunzo ya awali ya wafanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani lililoanzishwa mwaka 1961 chini ya Rais John F. Kennedy, huchukua takriban miezi mitatu, na katika kipindi hicho mwanafunzi aliyeletwa Tanzania hukabidhiwa kwa familia mwenyeji, yaani kaya ya kawaida inayokubali kumlisha, kumlaza na kumrekebisha kabla hajaapishwa na kupelekwa kituoni kwa miaka miwili. Utaratibu huu haukuwapo tangu mwanzo, kwani kundi la kwanza la Tanganyika, lililokuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, liliandaliwa chuoni El Paso, Texas, na baadaye kambini Puerto Rico, ambako lilifunzwa kupanda miamba lakini halikufunzwa kukuna nazi. Shirika liliondoka nchini mwaka 1969, likarejea mwaka 1979, na katika miaka ya baadaye nyumba za watu katika miji kama Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, zikageuka kuwa madarasa, na akina mama wenye nyumba hizo wakawa wakufunzi wasio na chaki.

Ingetarajiwa kwamba vituko vingi vya kipindi hiki cha mafunzo viwapate wageni wakorofi, lakini aliyezoea kuwapokea wageni hawa anajua kwamba mkorofi hupita salama, kwa kuwa halimshughulishi jambo lolote, ilhali anayeumbuka kila siku ni yule mwenye adabu nyingi, aliyelelewa vizuri kwao na kuja na malezi hayo yote mkobani.

Mezani, au tuseme mkekani, ndipo adabu hiyo inapoanza kumponza. Mgeni aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kumaliza chakula ni kumshukuru mpishi hujikaza akamaliza mlima wa ugali, mchicha na dagaa, akaionyesha sahani iliyo tupu kwa fahari, na mama mwenyeji, ambaye kwake sahani tupu ni taarifa kwamba mgeni bado ana njaa, huijaza tena papo hapo. Mgeni humaliza tena, safari hii kwa shida, naye mama huwaeleza majirani kwamba kijana huyu alikuwa amekaa na njaa muda mrefu huko Ulaya, ijapokuwa ametoka Ohio. Akisema ameshiba, kauli hiyo ya kwanza huhesabiwa kuwa utangulizi tu, ya pili huhesabiwa kuwa aibu ya ugeni, na ya tatu humfanya mama aulize kwa upole kama chakula kina kasoro.

Bafuni hali ni hiyo hiyo. Mgeni anayeona maji yakibebwa kwa ndoo kutoka bombani huingiwa na huruma, akaamua kuwapunguzia wenyeji kazi kwa kutokuoga jioni, bila kujua kwamba ndoo yake imekwisha kupashwa moto na kwamba nyumba nzima, pamoja na bibi aliyekuja kusalimia tu, inamsubiri aoge ndipo chakula kitengwe. Huruma yake hutafsiriwa kuwa uchafu, na kesho yake mtoto mdogo hutumwa na sabuni. Kwa ajili ya huruma hiyo hiyo hujifungia chumbani na kitabu ili asiwasumbue watu, naye katika nyumba ambayo anayejitenga ni mgonjwa au amenuna, hugongewa mlango kila baada ya dakika chache, kwanza kwa chai, kisha kwa dawa ya malaria, na hatimaye kwa ujumbe wa wazee waliokuja kuuliza ni nani aliyemkosea.

Salamu nazo humpa nafasi ya kujiaibisha hadharani. Akiwa amekariri kwamba shikamoo ni salamu ya heshima, na akiwa ametoka mahali ambapo kubagua watu kwa umri ni jambo la kuepukwa, huamua kuigawa sawa kwa wote, mpaka siku anapompa mtoto wa darasa la pili, ambaye huduwaa kidogo, akajiweka sawa, kisha akaitikia “marahaba” kwa sauti nzito ya diwani. Upande wa saa, adabu yake ni kuwahi: kadi ya harusi ikiandikwa saa 12 jioni, yeye hufika saa 12 kamili, akawakuta wapangaji wa viti, akapewa viti apange, na maharusi wanapoingia usiku humkuta amesinzia safu ya mbele.

Hata msaada wake huleta taharuki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni huyu hudai jembe lake siku ya kwanza, akaketi juu ya mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno wa kukunia nazi, akakuna kwa bidii hadi nazi iliyokunwa ikaingia vipande vya kifuu na damu ya kidole. Mama hawezi kumnyang’anya kazi hiyo kwa kuwa ni mgeni, wala hawezi kupika wali kwa nazi hiyo kwa kuwa wengine watakula, kwa hiyo husifu sana, humtuma akapumzike, kisha huvunja nazi nyingine kimyakimya.

Mwishoni mwa mafunzo wakufunzi hupima Kiswahili cha mwanafunzi kwa mahojiano ya ana kwa ana, lakini familia mwenyeji ina kipimo chake kisichoandikwa popote, nacho ni siku mama anapomtuma dukani kununua kiberiti na kumgombeza mbele ya watu kwa kusahau chenji. Anayedhani kwamba huko ni kuvunjiwa heshima hajachunguza vya kutosha jinsi wenyeji wanavyoamiliana na wageni, kwa sababu mgeni wa kweli angerudi bila chenji, akashukuriwa, akakaribishwa chai, na chenji hiyo ikafuatwa na mtoto kupitia mlango wa uani.