Msimwite Dikteta, Mnampamba

Mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana ameahirisha uchaguzi tena. Safari hii sababu ni mvua. Mwaka jana ilikuwa Ramadhani, na kabla ya hapo daftari la wanachama lilikuwa kwa mtu aliyesafiri kwenda Tanga. Mama mmoja akasimama, akakaza khanga kiunoni, akasema: "Wewe baba ni dikteta!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikanuna. Jina lile ni kubwa mno kwake.

Huko Roma ya kale, dikteta kilikuwa cheo cha heshima. Mambo yakiharibika, konsuli, yaani kiongozi mkuu wa serikali, humteua mtu mmoja, akapewa kauli ya mwisho kwa miezi 6, basi. Cincinnatus, kwa masimulizi ya Warumi wenyewe, mwaka 458 KK alifuatwa shambani analima, akaenda akawatandika maadui, na siku ya 16 akarudisha madaraka na kurudi kwenye jembe. Siku 16! Mwenyekiti wetu hazimtoshi hata kuandika ajenda. Sulla naye, dikteta mwingine, pamoja na kuua wapinzani bila haya, aling'atuka mwenyewe. Aliyeliharibu jina hasa ni Julius Caesar: mapema mwaka 44 KK akawa dikteta wa maisha, na Machi hiyohiyo maseneta wakamchoma visu. Cheo kikafutwa, likabaki tusi. Sipendekezi visu, maana sanda tungechangishwa sisi sisi.

Huyu wetu ni mtu wa imla, na neno hilo, tulilopewa na Kiarabu, kila aliyepita shule ya msingi analijua: mwalimu anatamka, wewe unaandika, ukikosea herufi unachapwa. Kilatini nacho kinasema hayohayo, kwani dikteta limetokana na kitenzi cha kumtamkia mtu maneno ayaandike. Basi ndivyo muhtasari wetu unavyopatikana. Katibu, kijana mwenye mwandiko mzuri na shingo laini, haandiki tuliyosema, anaandika anayotamkiwa. Tulipiga kelele kikao kizima kukataa ada kupandishwa, muhtasari ukatoka: "Wajumbe wote waliridhia." Ukiuliza, unaambiwa mbona imeandikwa!

Ada mpya inaanza mwezi ujao. Mimi nimeshalipa, tena nimedai stakabadhi, maana kifua kinanibana siku hizi na jeneza analo yeye.