Hotuba ya Uzinduzi: Falsafa na Vitendo vya Kung'arisha Basi la Mita 12

Mheshimiwa mmiliki wa basi, ambaye kwa bahati mbaya hakufika. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye amefika lakini anaongea na simu. Madereva, makonda, matingo, mafundi rangi, vijana wa ndoo na matambara, na mama ntilie wetu ambaye bila yeye elimu hii isingefika hapa ilipo: itifaki imezingatiwa.

Mtoa mada wa leo hahitaji kutambulishwa, kwa hiyo nitajitambulisha kwa kirefu. Mimi ni Profesa wa Sayansi ya Mng'ao wa Magari Makubwa. Uprofesa huu sikupewa na chuo chochote. Niliufanyia usaili mwenyewe, mimi nikiwa mwombaji na mimi nikiwa jopo, na nawahakikishieni jopo halikunionea huruma. Wapo wanaonong'ona kwamba sijawahi kushika mashine. Wanasahau kwamba mashine hushikwa na mikono, na mikono huongozwa na mimi.

Tuanze na hesabu, maana ndipo vijana wengi huanza kuaga. Basi la mikoani lina urefu wa mita 12 na kimo cha zaidi ya mita 3. Ubavu mmoja ni mita za mraba 36, mbavu mbili 72. Sasa mashine ya kupigia polishi hailimi ubavu mzima kwa mkupuo; inafanyia kazi kipande cha kama sentimita 60 kwa 60, kikikolea ndipo inahamia kingine. Gawanyeni. Ni vipande 200. Toeni madirisha, halafu ongezeni uso wa mbele, mgongo na paa, mtajikuta mmerudi palepale. Na kila kipande kipitiwe na dawa kali, kisha dawa laini, kisha nta. Mtu akiianza kazi hii peke yake, atakapofika kwenye taa za nyuma, kule mbele litakuwa limeshatua vumbi la Singida. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana inahitajika timu. Timu ikiwepo, lazima awepo wa kuisimamia. Na msimamizi lazima akae kivulini, fikra zisije zikachemka.

Sasa nadharia. Rangi ya gari si kitu kimoja. Chini kuna bati, juu yake praima, juu ya praima rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile vanishi isiyo na rangi ambayo ndiyo hasa mnayoiona iking'aa. Gari likitoka kiwandani, tabaka zote hizo kwa pamoja huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi. Maikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Karatasi moja ya kuchapia ina kama maikroni 100. Klia peke yake ni 40 au 50. Humo ndimo tunamofanyia biashara yetu yote, wanangu, ndani ya nusu ya karatasi.

Watu wa kawaida hudhani polishi inapakwa juu kama mafuta ya nazi kwenye ngozi. La hasha. Sisi tunapunguza. Dawa ina chembe za kusaga. Klia iliyojaa mikwaruzo hutawanya mwanga ovyo, rangi ikaonekana imepauka; ukiisawazisha, mwanga unarudi kwa nidhamu, ukisimama ubavuni unauona uso wako pamoja na madeni yako yote. Ila kila tukipiga dawa kali, klia nayo inaondoka kidogo. Mmiliki anayetaka basi lake lipigwe dawa kali kila sikukuu anatulipa tulivue basi lake nguo polepole. Sijawahi kumwambia. Mteja hapewi habari za kumkata hamu.

Kuhusu kuosha sitasema mengi, kwa sababu kila mtu anajua kuosha na hakuna anayeosha vizuri. Mnaanzia paani, maji machafu yanashuka. Nimewaona watu wazima, wana wake na watoto, wakianzia matairi. Sabuni ya unga ya kufulia inang'oa nta yote iliyopakwa mara ya mwisho, kisha mnashangaa kwa nini maji hayatelezi. Na maji yetu ya visima hapa Dar es Salaam mengi yana chumvi: yakikaukia juani juu ya bati yanaacha madoa meupe ambayo mtayafukuza hadi Magharibi. Kausheni mapema. Kanuni inataka ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Kwenye timu yangu ndoo ya pili huwa inageuzwa kiti, lakini hilo ni suala la uongozi.

Dhambi kuu hutendeka hapo, kabla mashine haijawashwa. Kitambaa kimeanguka chini. Kijana anakitazama. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anakiokota, anakikung'uta pajani mara mbili, anaendelea kufuta. Chembe za mchanga zimebaki kwenye pindo. Kesho jua likipiga ubavuni mtaviona vijistari, duara ndani ya duara, vimelizunguka lile doa la mwanga. Abiria watadhani ni nakshi. Kitambaa kilichoanguka kimestaafu. Apewe mtu wa rimu.

Mtajuaje kwamba basi limetakata na si kwamba limelowa tu? Kwa kidole, ila kidole kitupu kina kiburi, hakisikii vitu vidogo. Zamani nilifundisha kuvaa mfuko laini wa plastiki mkononi na kupapasa bodi: uchafu ulioganda, lami, masizi, vipande vya wadudu, vyote vinakwaruza chini ya vidole. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ile ikapigwa marufuku, na taaluma ikabidi ijipange upya. Siku hizi natumia ile nailoni nyembamba inayofunika pakiti ya sigara. Ndiyo maana navuta. Ni vifaa vya kazi.

Baada ya hapo zibeni kwa tepu ya karatasi kila kilicho cha mpira na cha plastiki, na kingo za stika. Narudia: kingo za stika. Basi moja, ambalo sitalitaja wala mwenye nalo sitamtaja, lilikuwa limeandikwa nyuma HARAKA HAINA BARAKA. Kijana akaona tepu inamchelewesha. Pedi ya manyoya ikakamata ukingo, stika ikapata joto, gundi ikalainika, na kufumba na kufumbua herufi tatu zikawa zinazunguka na mashine. Basi likabaki limeandikwa HARAKA NA BARAKA. Dereva alivyoisoma, alicheka mpaka akakaa chini, akakataa katakata lisirekebishwe. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye kikao cha kitaalamu na mama ntilie, na ripoti yangu iliweka wazi kwamba kosa ni la mashine.

Sasa mpangilio wa timu, na hapa naomba wanaosinzia waamshwe. Makosa ya wengi ni kuweka mtu mmoja mbele na mwingine nyuma, wakutane katikati. Hawakutani, wanagongana. Kila mkono una uzito wake: mmoja anakandamiza, mwingine anabembeleza, na pale katikati unabaki mstari unaoonekana hata na abiria aliyechelewa. Mimi nawapanga msafara. Wa kwanza anakwenda na dawa kali na pedi ya manyoya. Wa pili anamfuata na dawa laini na pedi ya sponji. Wa tatu anafuta kabla dawa haijagandamana, na vitambaa vyake viko begani, kamwe si chini. Wa nne anashika waya wa umeme usikokotwe kwenye bodi wala usiingie kwenye maji. Kazi hii inadharauliwa, na ndiyo inayowarudisha watu nyumbani wazima. Wa tano hubadilisha pedi zilizojaa na kuzisafisha, maana pedi iliyojaa dawa kavu haipigi polishi tena, inapiga msasa. Mtu mmoja, mkono mmoja, ubavu mzima. Na mimi natazama saa.

Juu hapafikiki kwa mkono, kwa hiyo huwekwa mapipa mawili na ubao. Ubao uwe mpana, na pipa lisiwe lile linalovuja. Kama mtu yuko juu na mashine inazunguka, asiitwe kwa jina wala asitaniwe. Utani tutafanya wakati wa chai.

Kuna jambo linalonisumbua usingizini. Vijana wote wanagombania ubavu wa kushoto. Najua sababu. Nchi hii tunaendesha kushoto, mlango wa abiria uko kushoto, mwenye basi akija anasimama kushoto, picha zinapigwa kushoto. Kwa hiyo kushoto kunang'aa hadi nzi anateleza, kulia kunapata dawa iliyobaki, na paa halipati kitu. Wakati nilipokuwa mwanafunzi wangu mwenyewe nilikubali kwamba paa halina watazamaji. Lakini Februari 2021 ilizinduliwa stendi ya Magufuli pale Mbezi, na mwezi huohuo likazinduliwa daraja la Kijazi pale Ubungo, lenye barabara juu ya barabara. Leo aliye ngazi ya juu anatazama mapaa ya magari yaliyo chini yake kwa utulivu kabisa, hasa kukiwa na foleni. Paa sasa lina hadhira. Nimeshawaandikia wamiliki waraka kuhusu jambo hili; nasubiri majibu.

Na mgongo wa basi msiusahau. Haya mabasi ya China, Yutong na Zhongtong na wenzao, injini iko nyuma. Pale kuna joto na masizi, na vumbi lote linalotimuliwa linajikunja na kuja kutua hapohapo. Mbele kuna tatizo jingine: wadudu wa njia ya usiku. Mizoga yao ikipigwa na jua inaila klia. Lowesheni kwa kitambaa chenye maji, subirini ilainike. Anayekwangua kwa kisu simjui, na akisema alisoma kwangu mkataeni.

Joto. Mashine inapozunguka inazalisha joto, na joto halina rafiki. Kwenye kona, kwenye mikunjo na kwenye kingo za buti, klia huwa nyembamba kuliko kwingine, na pedi hupakandamiza hapo zaidi. Ukisita sekunde chache tu, praima inakuchungulia. Kwa hiyo mashine isisimame mahali pamoja, mzunguko uwe wa wastani, na kona zote zimaliziwe kwa mkono. Msifanye kazi juani. Bati la rangi nyeusi saa saba mchana wa Dar es Salaam huwezi kuliwekea kiganja. Dawa inakauka kabla haijafanya kazi.

Tatizo ni kwamba basi siku hizi halilali. Enzi za marufuku ya kusafiri usiku tulikuwa nalo tangu jioni, bodi limepoa, tumetulia, tunafikiri. Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa kusafiri usiku na mchana. Nchi ilifurahi. Sisi wanazuoni hatukuulizwa. Basi linaingia asubuhi kutoka Mwanza, jioni linatakiwa liwe kwenye mstari, na katikati hapo ndipo fundi breki naye anataka zamu yake, ananyanyua jeki wakati kijana wangu yuko juu ya ubao. Nimewaomba wenye mamlaka waweke mpaka kati ya taaluma zetu mbili.

Mwisho ni nta. Ile iitwayo kanauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, na haiyeyuki mpaka ifikishe zaidi ya nyuzi 80. Ipakeni nyembamba sana. Nta nene haing'ai zaidi, inakamata vumbi zaidi, na tambara linalia. Nimewahi kumkuta kijana akiipaka kwa kiganja kizima kama anayemkanda mzazi; nilimwambia aendelee, kwa sababu mmiliki alikuwa anatazama na alionekana kuridhika.

Nitapokea maswali machache. Ndiyo, kaka mwenye kofia. Dizeli kwenye matairi? Inang'arisha siku moja na inaharibu mpira siku zote. Mwiko. Mwingine? Dada konda. Unauliza matairi yenyewe, mbona yamebaki upara? Swali zuri, lakini liko nje ya mada. Matairi hayana klia. Na breki za kushoto nyuma zinazopiga kelele? Dada yangu, mimi nashughulika na kinachoonekana. Ukiona kitu kinasikika, hiyo ni idara nyingine. Mzee wa pale nyuma anasema abiria hawapandi kwa sababu ya mng'ao, wanapanda kwa sababu ya nauli. Kizuri chajiuza, mzee wangu, ingawa naona pale Mbezi bado kina wapiga debe wanne.

Naona mwakilishi wa mmiliki amekata simu na anaelekea getini, basi nifupishe. Mafunzo ya vitendo yatafanyika Jumapili, saa 12 asubuhi, kabla bati halijapata moto. Ada inalipwa kwangu, fedha taslimu, kabla ya kuanza. Kila mmoja aje na vitambaa vyake, visivyowahi kuanguka, na ndoo mbili. Watakaoshindwa kupata ya pili waseme mapema, nijue nitakaa wapi.