Harusi ya Tarehe Mosi Januari

Mjomba alipokuja likizo kutoka Muscat mwaka 2002 alituletea vitu viwili. Cha kwanza ni birika la umeme, ambalo Mama alilifungia kabatini lisije likaungua. Cha pili ni kamera ya dijitali, ambayo Baba aliipokea kabla hata haijatoka kwenye mfuko. Tulikuwa tunakaa Tanga, Ngamiani, na Baba alikuwa amestaafu Reli, hana kazi ila gazeti na baraza. Kijitabu cha maelekezo alikisoma mpaka kurasa zikaanza kuachia.

Sifa zilikuwa zimepangwa juu ya boksi: megapikseli 2, zumu ya lenzi mara 3, zumu ya dijitali mara 2, kioo cha inchi 1.8 nyuma, kadi ya MB 8. Baba akazidisha zumu kwa zumu akapata mara 6. "Mara sita!" akawa anamwambia kila apitaye barazani. "Nikiwa nimekaa hapa nampiga mtu kule kwa muuza kahawa, wala hana habari."

Mama akauliza huyo mtu wa kule amekosa nini.

Hata hivyo Mama naye alilainika, na kilichomlainisha ni hesabu. Mkanda wa picha 36 ununue, usafishe, uchapishe, na ukifungua bahasha unakuta kadhaa zimeungua na nyingine ni vidole vya mpigaji. Kamera hii haikutaka mkanda. Na dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa mwezi wa nane, mpiga picha wa mtaani ameshataja bei yake. Baba akatoa hukumu: mpiga picha wa nini na nyumba ina kamera? Mama akanyamaza. Sisi wanawe tunajua kunyamaza kwake kuna aina mbili, na ile haikuwa aina ya kukubali.

Niseme haki, kamera ile ilikuwa na mazuri yake. Zamani picha ilikuwa jambo la kungoja. Unapiga Idi, mkanda haujaisha, unangoja maulidi, na siku zinapotoka studio, mtoto aliyekuwa akitambaa ameshaanza chuo. Kioo cha nyuma kilimaliza yote hayo. Casio QV-10, kamera ya kwanza ya watu wa kawaida kuuzwa ikiwa na kioo cha namna hiyo, ilitoka mwaka 1995, kwa hiyo hata huko kwa wenyewe jambo lilikuwa bado bichi. Kwetu majirani walikuja wapigwe ili wajione, wakajiona, wakaomba warudiwe. Bibi wa nyumba ya tatu alipooneshwa kioo akauliza huyo mzee ni wa nani.

Halafu wepesi wake! Kifaa alichokiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ambacho ndicho mzazi wa kamera zote hizi, kilikuwa na kilo 3.6, na kilitumia sekunde 23 kuandika picha moja isiyo na rangi kwenye kaseti. Ya kwetu iliingia mfuko wa kanzu. Kwa uzito iliushinda mno ukoo wake. Uvivu kidogo ilikuwa imeurithi, na huko nitafika.

Vita vilianzia kwenye betri. Ilitaka nne, za AA, na ilizifakamia. Kusukuma lenzi, kuwasha flashi na kuangaza kioo kwa mpigo mmoja kunataka umeme mwingi wa ghafla, na betri rahisi za dukani haziwezi kuutoa. Nguvu inashuka, kamera inaona betri zimekwisha, inajizimia pale pale na lenzi ikiwa nje. Kumbe betri zenyewe bado zina uhai tele. Ukizitia kwenye redio ndogo, ambayo hulamba umeme kidogo kidogo, zinaendelea kwa majuma. Siri hiyo Mama aliigundua upesi. Ikawa kila Baba akiifungua kamera anakuta tumbo tupu, na jikoni Radio Tanzania inasoma matangazo ya vifo kwa sauti iliyoshiba.

"Nani katoa betri zangu?"

"Betri zako zilikufa, Baba Zuhura. Ulisema mwenyewe."

Sasa, kamera ile ilikuwa na saa ndani yake, na saa hiyo ikikaa muda bila betri hupotea. Ukija kuiwasha inakuuliza tarehe. Usipoijibu inajipa yake, na yake ilikuwa 1.1.2001. Baba alikuwa ameshaitegesha ichape tarehe pembeni mwa kila picha, kwa rangi ya machungwa, ili wajukuu wasipate taabu ya kuulizana.

Siku ya harusi ndoa ilifungwa sebuleni kwetu. Baba ndiye walii, ana mkono wa kumshika bwana harusi, hana mkono wa kushika kamera. Akamkabidhi mdogo wangu Shabani, aliyekuwa na miaka 14, pamoja na betri mpya zilizofichwa chumbani Mama asizione. Shabani akaiwasha, kamera ikauliza swali lake kwa Kiingereza, akabonyeza sawa.

Mtoto wa umri ule hawezi kuwaruka mashehe na wazee wa ukoo akasimame katikati ya sebule. Akakaa pale palipovuliwa makubadhi, mlangoni, na kwa kuwa alishasikia habari za mara sita mchana na usiku, akasukuma kitufe cha zumu mpaka mwisho na hakukirudisha tena.

Hapo pana jambo ambalo boksi halikulieleza. Zumu ya lenzi ni ya kweli: vioo vya ndani vinasogea, kitu kinakuja karibu, na picha inabaki na pikseli zake zote, 1,600 kwa 1,200, yaani karibu milioni mbili. Zumu ya dijitali haisogezi kitu. Inatupa kingo za picha, inabakiza kipande cha katikati, inakivuta mpaka kijaze nafasi. Mara mbili maana yake nusu ya upana na nusu ya kimo: pikseli 800 kwa 600, robo ya mali. Zinazopungua kamera inakisia. Juu ya hayo, lenzi ndogo kama ile ikinyooshwa hadi mwisho huingiza mwanga kidogo zaidi, hivyo kamera hukawia kuufumba mlango wake wa mwanga, na mtetemo wa mkono nao unakuzwa pamoja na mashehe. Flashi ya kamera ndogo za siku zile ilifika mita tatu hivi kisha ikachoka. Iliwamulika vizuri sana wenye visogo vya mbele.

Na huo uvivu niliousema. Unabonyeza, kamera inatafuta shabaha, inajiuliza habari za mwanga, ndipo inapiga. Ni kama sekunde moja, lakini katika kuozesha sekunde moja ni jambo kubwa. Shabani alibonyeza Baba alipokuwa amemshika mkono bwana harusi. Picha iliyotoka ni ya Baba akijikuna goti.

Kadi ya MB 8 ilibeba picha 16 tu za ubora mzuri. Ilijaa kabla pilau halijapakuliwa. Shabani, ambaye alikuwa amefundishwa kufuta, akafuta mbili za giza, akapiga mbili nyingine, akafuta tena. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulianza kamera ilipoingia uani kwa wanawake, Shangazi Mwanaidi akaiomba "nitazame tu."

Akatazama. Akajiona ametafuna huku amefumba jicho moja. Akauliza kitufe cha kufutia ni kipi.

Baada ya Shangazi ikawa zamu ya mawifi, kisha binamu, kisha mwanamke mmoja ambaye mpaka leo hatujui alialikwa na nani. Kila mmoja alitumia haki yake. Hii imemnenepesha, ile ushungi umekaa vibaya, nyingine yeye yuko sawa ila aliyekaa naye kapendeza kupita kiasi. Kwangu hiyo ndiyo dosari kubwa kuliko zote za kamera ile, kuliko hata betri, na ilikaa ndani ya sifa yake iliyosifiwa zaidi. Albamu zetu za zamani zimejaa shangazi waliopanua midomo na wajomba waliosinzia, na hawakuwa na la kufanya, maana mkanda ulifungwa gizani na aliyeufungua ni fundi. Kioo cha nyuma kilimpa kila mgeni kifutio.

Jioni zilibaki picha chache ambazo hakuna aliyezipinga. Sufuria la pilau. Mzee mmoja amelala barazani, kofia usoni. Goti la Baba. Na moja ya maharusi wameketi sebuleni, iliyopigwa na Shabani kutoka mlangoni kwa mara sita zake zote. Hiyo ilisalimika kwa kuwa nyuso zilikuwa ukungu, na ukungu haumnenepeshi mtu. Kwenye kioo cha inchi 1.8 ilionekana safi kabisa. Kioo kidogo huficha mengi.

Kadi ikapelekwa Dar es Salaam na binamu, picha zikachapishwa, zikarudi kwa basi. Baba akazibandika kwenye albamu mpya na kuiweka sebuleni.

Miezi michache baadaye akaja bibi yake shemeji kutoka Pemba, mama mzaa baba, ambaye wakati wa harusi alikuwa mgonjwa. Akakaribishwa, akapewa uji wa pilipili manga, akapewa albamu. Akafungua. Akaisogeza albamu mbali, akaisogeza karibu.

"Zuhura mwanangu, hii ni harusi ya nani?"

"Yetu, Bibi."

"Hapa pameandikwa tarehe mosi Januari, elfu mbili na moja. Mwezi huo mjukuu wangu alikuwa Mwanza." Akaweka kidole juu ya ukungu uliovaa joho. "Na huyu bwana simtambui."

Kimya kilichofuata sitaki kukieleza. Baba alianza habari za betri, na ukiisikiliza habari ya betri bila kuijua, ni maelezo hasa ya mtu anayeficha jambo. Cheti cha ndoa kilipotajwa, Bibi akasema karatasi anaijua, lakini yeye anaulizia picha. Ndipo Baba akakumbuka: nyuma ya maharusi, ukutani, palikuwa na kalenda ya duka la vitambaa, mwezi na mwaka vimeandikwa kwa herufi kubwa! Wote tukainama juu ya albamu. Kalenda ilikuwepo, nyeupe, na juu yake kitu chekundu kilichofanana na mchuzi uliomwagika.

Baba hakukubali. Alipanda basi na kadi mfukoni mpaka Kariakoo, kwenye studio, akataka kalenda ile ikuzwe. Alitusimulia mwenyewe aliporudi. Kijana wa pale aliifungua picha kwenye kompyuta, akavuta, akavuta tena, mpaka kalenda ikawa vigae vya waridi na kijivu.

"Mzee, hapa hakuna herufi. Kamera haikuziandika."

"Ina mara sita hii," Baba akamwambia.

"Ina mara tatu, mzee. Hizo nyingine ni mkasi."

Aliporudi, Bibi wa Pemba bado yupo, na Zuhura amelia mpaka basi. Mama akaingia chumbani kwake, tukasikia kasha linafunguliwa. Akatoka na bahasha ya studio ya mtaani. Zilikuwa picha 36, pamoja na mkanda wake uliokatwa vipande na kuhifadhiwa kwenye karatasi ya nailoni. Kumbe kwa fedha yake ya upatu alikuwa amemlipa yule mpiga picha aje kwa mlango wa uani, apige wanawake, kisha apige maharusi walipotolewa pamoja sebuleni, wakati Baba yuko nje anasimamia viti. Alikuwa amezificha ili asimvunjie mzee heshima yake.

Mle ndani kila mtu alikuwepo. Shangazi Mwanaidi ana mnofu mdomoni na jicho lake moja. Mawifi wote, na ushungi wao ulivyokaa. Maharusi wamekaa wima, joho na hina vinaonekana, na juu ya bega la shemeji, bila haja ya kukuzwa na mtu: AGOSTI 2002. Bibi akaitazama kalenda, akamtazama mjukuu wake, akasema amekonda, huko kwa wakwe hapewi chakula? Mambo yakaishia hapo.

Baba aliuliza swali moja tu, mpiga picha alilipwa kiasi gani. Mama akasema upatu hauulizwi.

Kamera ilipumzika. Mchanga wa ufukwe wa Raskazone uliingia kwenye lenzi siku ya mandari, ikakwama nusu ndani nusu nje, na fundi wa saa aliyejaribu kuinyoosha aliirudisha ikiwa na skrubu pungufu. Kadi yake ninayo mimi. Ni ya SmartMedia, nyembamba mno, jamii ambayo haikuwahi kuvuka MB 128 kabla ya kuachwa na watengenezaji wote, na kompyuta za leo hazina tundu la kuitia. Kwa hiyo wewe msomaji, kama una kadi ya namna hiyo kwenye droo, mtafute fundi mwenye kisomeo chake mapema, maana vinazidi kupungua, na ukishazitoa picha zichapishe. Na ukienda kununua simu ukaambiwa inavuta mara 30, muulize muuzaji za lenzi ni ngapi.