Namba ya Siri kwa Sauti ya Mnada

Sisi wa Busia, mji wa mpakani mwa Kenya na Uganda uliozaa neno bodaboda, tunajua kubana siri zetu. Askari wa mpakani akiomba kitambulisho, tunamuuliza: cha nini, afande? Lakini simu ikilia, sauti nyororo ikasema, "Mama, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie," tunatuma kwanza, salio tunaangalia baadaye. Namba ya siri nayo tunamtajia wakala wa pesa kwa sauti ya mnada, foleni nzima ikisikia. Kenya na Uganda kila moja ina sheria ya kulinda data binafsi ya mwaka 2019. Tapeli hakuisoma, nasi vilevile. Ndugu yangu, pesa ikikosea njia, mwenyewe aipigie kampuni yake ya simu. Namba ya siri si salamu, usimpe kila apitaye.