Sifa za Dakika Hamsini

Subira imeshasifiwa vya kutosha. Zamu hii na zipewe haki yao Dakika Hamsini, zinazotukanwa kila siku viwanjani: ule muda mfupi wa kuunganisha ndege ambao hukaa juu kabisa ya orodha unapotafuta tiketi, safari ikionekana fupi na bei ikionekana ya huruma.

Zisidharauliwe, maana zina cheti. Kila uwanja mkubwa umewekewa muda wa chini wa kuunganisha, na safari ya tiketi moja haiuzwi chini ya kiwango hicho. Vienna hujinadi kwa dakika 25 tu. Basi asikudanganye mtu kwamba hamsini hazitoshi. Zinatosha kwenye karatasi, ambako hakuna ndege inayochelewa wala bibi anayetafuta miwani yake chini ya kiti.

Halafu itazame hesabu ya hizo hamsini. Ukikaa viti vya nyuma, kutoka tu ndani ya ndege kunakula robo saa. Geti nalo hufungwa robo saa au zaidi kabla ya ndege kuondoka. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya magurudumu, si ya mlango. Zinabaki ishirini, na hizo ni zako, zitumie upendavyo.

Pale Charles de Gaulle, Paris, anayetoka Nairobi kwenda Marseille huzitumia kujifunza usawa. Profesa, mchezaji mpira na mama mwenye mtoto mgongoni wako foleni moja ya uhamiaji, kwa kuwa eneo la Schengen huingiwa hapo, si kule waendako. Kisha ukaguzi: mikanda mkononi, chupa za maji kwenye pipa. Kisha mbio. Watu wazima, waheshimiwa makwao, wanakata kona shati limetoka nje na pasipoti iko mdomoni, na hakuna anayewacheka. Wapi tena mzee hupewa ruhusa hiyo?

JFK, New York, ni wakarimu zaidi. Marekani kwa kawaida hutaka mzigo wako uuchukue mwenyewe kwenye uwanja wa kwanza unapotua, hata kama lebo imeandikwa Minneapolis. Uusubiri, uupitishe forodha, uukabidhi upya, ndipo ukapange foleni nyingine ya ukaguzi. Hapo Dakika Hamsini hukuzawadia usiku mzima wa New York ambao hukuuomba.

Ila wafuasi wa kweli wa Dakika Hamsini ni wale wanaonunua tiketi mbili mbalimbali. Mwenye tiketi moja akiachwa, shirika hulazimika kumtafutia ndege nyingine. Starehe hiyo humlegeza mtu. Wa tiketi mbili ndege yake ya kwanza ikichelewa, kwa shirika la pili yeye ni abiria ambaye hakutokea, na nauli yake imekwenda na maji. Huyo ndiye anayesafiri kwa imani.

Wapo wasio na shukrani wanaochagua saa tatu, wengine nne. Utawaona wamekunywa chai, wamechaji simu, wameswali kwa utulivu, wanatazama wenzao wakipita mbio. Mizigo yao hufika pamoja nao, nao huikokota wenyewe hadi nyumbani. Begi la mfuasi wa Dakika Hamsini hubaki nyuma likapumzika, likaja na ndege ya kesho, likaletwa na dereva mpaka mlangoni bila yeye kutoa hata senti.